Mitungi Miwili ya Mita Thelathini

Siku ya kuniaga, vijana wangu wa ghala la gesi, mliniuliza swali moja nikacheka: gesi ya mpiga mbizi kujiokolea inapangwaje? Nikasema njooni kesho. Kesho yenyewe nilikuwa nimeshakabidhi funguo na niko nyumbani naosha vyombo. Nilicheka kwa sababu jibu silijui. Hesabu zake nazijua, naweza kuzifanya huku napepeta mchele, lakini kila nikizifanya nakumbuka shimo moja kule ng'ambo ya Chita, na hapo kichwa kinavurugika. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitagusa. Huo ni umbea wa watu wengine.

Kazi ya mitungi niliianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali moja pale Ifakara. Nilikuwa nimeteremka kutoka upande wa Mahenge na viatu vya shangazi, mikono nimeipaka mafuta ya nazi ing'ae, maana nilidhani kazi ya hospitali inataka mtu anayeng'aa. Aliyenipokea ni Sista Leokadia, mtawa mfupi aliyekuwa mkuu wa wauguzi na pia, kwa kukosekana mwingine, mkuu wa mitungi ya oksijeni. Akanishika mikono, akainusa.

"Adelina, umekuja kufanya kazi au kuchoma hospitali?"

Sikuelewa. Akanipeleka bombani, nikanawa kwa sabuni mara tatu, ndipo akanieleza kwamba mafuta na oksijeni yenye mgandamizo havikai pamoja. Tone dogo kwenye koki linatosha kuwasha moto. Tangu siku hiyo sijapaka mafuta mikononi siku ya kazi. Mnaonicheka kwamba mikono yangu ni kama ya mtema kuni, sasa mmejua.

Jambo la pili alilonifunza Sista lilikuwa la wodini, nami sikudhani litanihusu. Alinionyesha namna ya kuhesabu pumzi za mgonjwa. Unamshika kifundo cha mkono, unatazama saa, unajifanya unahesabu mapigo ya moyo, kumbe macho yako yako kifuani. "Ukimwambia unahesabu pumzi," alisema, "atapumua kwa adabu. Na pumzi ya adabu haina faida kwa daktari." Mara nyingi aliniita nihesabu pamoja naye, kisha tulinganishe. Mwanzoni nilikuwa nakosea, maana nilikuwa nawaonea huruma na kusahau nilipofika.

Siku moja ya kiangazi akaja Bwana Rolf. Huyu alikuwa mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu, mkuu wa mradi wa kuchunguza maji ya bonde. Alizungumza Kiswahili cha kujifunza kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Alihitaji mtu anayejua kutunza oksijeni. Sista akanitazama, akanitazama tena, akasema, "Mchukue huyu kwa miezi miwili, lakini umrudishe." Sikurudi. Mradi ulipoisha nikachukuliwa na kikosi cha kukagua madaraja na mabwawa, na huko ndiko mlikonikuta nimezeeka.

Shimo lenyewe liko chini ya milima, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Chita wakati wa kiangazi, masika huendi. Ni duara la maji ya kijani katikati ya mawe meupe, upana wake kama uwanja mdogo wa mpira. Ukitupa jiwe unaliona likishuka, likishuka, mpaka unachoka wewe. Bwana Rolf alikuwa amelipima kwa kamba: mita sabini, na pembeni kuna mdomo wa pango unaoendelea. Alitaka kujua maji yale yanatoka wapi, na aweke vipimo vyake kule chini. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia miaka ile walikuwa wakinyweshea ng'ombe upande wa mashariki. Mkubwa wao, Masanja, aliweka kiti chake cha magogo karibu na kamba yetu siku ya kwanza na hakukiondoa hadi tulipong'oa hema. Kazi tuliyofanya yeye aliiona ni maonyesho, nasi tulikuwa tumechelewa kutangaza kiingilio.

Kwenye kina kile mpiga mbizi wa kawaida hafiki mbali, maana hewa inaisha upesi. Kwa hiyo walitumia mashine mpya mbili ambazo Bwana Rolf alikuja nazo. Ribriza, ndivyo tulivyoziita. Mtu anapumua ndani ya mfuko, pumzi yake inapita kwenye kopo la chokaa maalum linalonyonya ile hewa chafu, mashine inaongeza oksijeni kidogo, kisha anaivuta tena pumzi ileile. Hakuna kinachotoka nje. Nilieleweshwa mara nne na bado nilikuwa naona kama mtu anayekula alichotapika. Kazi yangu ilikuwa kujaza mitungi: oksijeni, heliamu, gesi isiyolewesha mtu kwenye kina, iliyokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na hewa ya kawaida kwa kompresa. Kompresa ilitaka akili kidogo. Msimu ule watu wanachoma mashamba bonde zima, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nachezea upepo, nauhamisha mpira wa kuvutia hewa huku na huku ili nisiwajazie wenzangu moshi wa mabua.

Mashine hiyo inaweza kufa. Ikifa, mtu yuko mita sabini na mfuko usio na maana kifuani. Kwa hiyo lazima abebe mtungi mwingine, wa kawaida, wa kutokea. Tuliuita hivyo tu, mtungi wa kutokea. Swali ni kiasi gani abebe, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize.

Kule mita sabini maji yanakubana mara nane ya hapa juu, kwa hiyo kila pumzi inakula gesi mara nane. Bwana Rolf aliandika ubaoni kwamba mtu mtulivu anatumia lita kumi na tano kwa dakika akiwa juu. Akapanga mwendo wa kupanda taratibu, na vituo vyake, kutoka chini hadi mita ishirini na moja, ambako tungetundika mitungi kwenye kamba kwa sehemu iliyobaki. Jumla ikawa lita elfu moja na mia nane na kitu. Akaongeza nusu kwa ajili ya usalama, zikawa kama elfu mbili na mia nane. Kisha akagawanya kwa watu wawili, kwa sababu hawawezi kuharibikiwa wote kwa pamoja. Atakayepata shida atatumia wake na wa mwenzake. Lita elfu moja na mia nne kila mmoja. Mtungi mmoja wa lita saba uliojaa, gesi imegandamizwa mara mia mbili. Nilinakili kwenye daftari langu na nikaipenda ile hesabu. Watu wa kwetu tumelelewa kula sahani moja, kwa hiyo haikunishtua kwamba kila mmoja anabeba gesi isiyomfikisha nyumbani peke yake.

Mtu wa pili alikuwa Kizito. Mndamba wa Malinyi, amekulia mtoni, kisha akajifunza kupiga mbizi kazini bandarini, akafika mahali ambapo hata Bwana Rolf alimwita "mwalimu" pale alipotaka kumfurahisha. Alinizidi miaka mitatu hivi. Aliniita dada, nilimwita kaka, na tulikuwa tunagombania vichwa vya perege kila jioni kama watu wa tumbo moja. Alikuwa na maringo ya kazi yake. Wapiga mbizi wote wanayo, na maringo yao makubwa ni haya: nani anatumia hewa kidogo. Wanaulizana kama wasichana wanavyoulizana nani ana kiuno chembamba.

Kabla ya kwenda shimoni, tulipima pale kiwanjani Ifakara. Kila mmoja alitembea dakika kumi akipumua kutoka mtungi wa lita kumi, Bwana Rolf akasoma geji. Rolf alitumia lita kumi na nne kwa dakika. Kizito kumi na mbili. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini, na kwa mazoea ya wodini nikatazama kifua. Kifua cha Kizito kilikuwa kinapumua kwa adabu. Kilikuwa kinapanda, kinasimama, kinafikiri, kisha kinashuka. Hakuna kiumbe kinachopumua vile isipokuwa kinapotazamwa.

Siku mbili baadaye nikamwomba anisaidie. Nilimwambia mdomo wa kupumulia wa mtungi mmoja unanitia wasiwasi, avae autembeze hadi kwenye bomba la maji na kurudi, na akiwa anarudi anibebee mtungi mwingine begani. Hakujua ni kipimo. Dakika kumi, geji ikashuka kutoka mia mbili hadi mia moja sabini na moja. Mtungi wa lita kumi, kila alama ya geji ni lita kumi; lita mia mbili na tisini; ishirini na tisa kwa dakika.

Nikaifanya hesabu tena kwa kalamu nyingine, kana kwamba kosa liko kwenye wino. Mtu yuleyule, mapafu yaleyale, kumi na mbili na ishirini na tisa. Ipi ni yake? Nilichanganyikiwa kabisa. Kama ni ishirini na tisa, safari ya kutoka chini inataka zaidi ya lita elfu tatu na mia tano, na mitungi yote miwili ukiijumlisha haifiki. Na hiyo ni pumzi ya kubeba mzigo mchana kweupe, huku anapiga mluzi. Kwenye giza, mashine imekufa, ingekuwa ngapi?

Nilimfuata tukiwa tumeshapiga kambi shimoni, siku moja kabla ya mbizi yenyewe. Alikuwa anashona soksi.

"Kaka, ule mdomo ulioutembeza juzi ulikuwa mzima."

"Nilijua. Ulikuwa hauna hata kikohozi."

"Nilikuwa nakupima. Umetumia ishirini na tisa."

Aliacha kushona. "Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe."

"Basi iishie hapo."

"Kizito, mtungi wako haukufikishi."

"Haunifikishi, lakini upo na wa Rolf. Na mashine haifi. Dada, sikiliza. Ukimwambia, nabaki juu nashika kamba. Maji haya ni ya kwetu, mimi nimeyanywa, halafu niketi na Masanja nitazame mzungu anazama? Nimeisubiri kazi hii toka nikiwa bandarini nakwangua konokono kwenye meli. Usiniharibie."

"Na ukifa?"

"Nikifa utasema ulisema." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Niahidi."

Nikamwahidi. Sijui kwa nini. Nilijiambia kwamba ni mtu mzima, kwamba mimi ni wa ghala tu, kwamba labda nimekosea kusoma geji. Nilijiambia mambo mengi usiku ule na hakuna hata moja lililonitosha.

Asubuhi, walipokuwa wanakunywa chai, nilichukua mitungi miwili ya lita kumi, nikaijaza hewa ya kawaida hadi mia mbili, nikabandika plasta nyeupe na kuandika kwa kalamu nene: HEWA, MITA 30. Hewa ya kawaida kwenye mita thelathini mtu anaipumua bila shida. Chini sana ya hapo inamlewesha. Nikaifunga kwenye kamba, nikaishusha polepole nikihesabu mafundo. Masanja peke yake aliniona, na kwake ilikuwa sehemu ya maonyesho.

Niseme wazi kwamba nilivunja sheria ya kwanza ya kazi ile. Kitu chochote kwenye kamba lazima kiandikwe ubaoni na mkuu. Mtungi usiojulikana unaua. Mtu anaweza kuuvuta mdomoni kwenye kina kisichofaa. Hata leo nikimkuta mmoja wenu amefanya nilichofanya ningemfukuza kabla hajanawa mikono.

Saa nne walizama. Maji yakafunga juu yao, yakatulia kama hayakuwahi kuguswa. Dakika tano, kumi. Masanja hakuwa ameizoea hali hiyo. Aliwahi kuona wapiga mbizi wa kawaida mtoni, na alijua mtu aliye hai chini ya maji anatoa mapovu.

"Mayu," aliniita, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "watu wenu wamekufa. Maji hayachemki."

"Wako salama, Baba Masanja. Mashine zao hazitoi mapovu."

"Mtu asiyetoa pumzi ni maiti. Mimi nimezika wengi."

Nikamwambia asubiri. Nilikuwa na saa mkononi na daftari magotini. Walitakiwa kuanza kupanda dakika ya kumi na tano. Ilipofika dakika ya kumi na saba, katikati ya duara, maji yakatoa povu moja kubwa. Kisha kundi. Kisha yakachemka kama sufuria ya ugali.

Masanja alisimama, akainua fimbo yake juu. "Mayu! Ona! Wanapumua! Wapo hai!" Na vijana wake waliokuwa na ng'ombe wakaitikia, wakaruka, wakashangilia upande wa pili wa shimo.

Watu wote pale walikuwa wanafurahi isipokuwa mimi niliyejua. Mapovu yalimaanisha mashine moja imekufa na mtu anavuta mtungi wa kutokea. Nikayahesabu, sikuwa na kingine cha kufanya. Mafungu yalikuja haraka mno, moja linaparamia jingine. Nikasema Kizito, jamani Kizito, Mama Maria mtazame Kizito. Nilimwona akilini, kifua kile cha maringo kimeacha adabu zote. Nilijichukia. Nilikuwa nimeujua ukweli siku tatu nzima na nikaukalia kama kuku.

Nikafanya hesabu. Kwa kasi ile, mitungi yao miwili isingezidi dakika kumi. Dakika ya tisa ya mapovu, ya kumi, ya kumi na moja. Hapo yakakatika. Maji yakalala. Masanja akakaa, akanitazama. Sijui ni sekunde ngapi. Saa nilikuwa nayo lakini sikuitazama. Kisha yakaanza tena, mazito, ya hewa nyingi, na yakaendelea. Dakika kumi na tano, ishirini. Aliyeishiwa gesi hatoi mapovu. Mtu amefika mita thelathini, amesoma plasta, amevuta. Nililia kwa sauti, na Masanja ambaye hakuelewa kitu chochote akanipa maziwa.

Kupanda kulichukua karibu saa mbili zaidi, kwa vituo vyake. Kichwa cha kwanza kutokea kilikuwa na ndevu nyekundu, na mdomoni hakikuwa na bomba la mashine. Nikadhani amemwacha mwenzake chini. Nusura nimpige kwa kasia la mtumbwi wetu. Nyuma yake akatokea Kizito, mashine yake inafanya kazi vizuri kabisa, akavua kioo, akasema, "Dada, chai ipo?"

Ilikuwa mashine ya Rolf. Rolf wa lita kumi na nne, Rolf mtulivu aliyeandika ubaoni. Chokaa yake ilikuwa imeacha kusafisha, sababu hatukuijua, na hewa chafu ikimrudia mtu inamfanya aheme kama mbwa aliyekimbizwa juani. Hawezi kuizuia hata awe padri. Alimaliza mtungi wake, Kizito akampa wake, akaumaliza nao kabla ya kufika pa kufika. Kizito akamshika mkanda, akamvuta juu hadi kwenye plasta yangu nyeupe, akamtia mdomo wa kupumulia kinywani kwa mkono wake. Nilikuwa nimemwogopea mtu mwingine kabisa.

Mchana ule Bwana Rolf aliketi juu ya sanduku, blanketi mabegani, midomo bado ya bluu. Akatuita wote.

"Nani alitundika mitungi miwili ya mita thelathini? Haikuwa ubaoni."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi, mkuu," akasema Kizito. "Niliitundika asubuhi."

"Kwa nini uliona inahitajika?"

"Kwa sababu pumzi niliyokupa siku ya kipimo haikuwa yangu. Yangu ni ishirini na tisa."

Rolf aliliweka blanketi pembeni. Kisha akasimama, akampa mkono, akamshukuru kwa uhai wake kwa maneno yaliyopigwa pasi, na machozi yalikuwa yanamtoka. Halafu, mkono bado haujaachiwa, akamwambia kwamba mtu aliyedanganya kipimo na kuweka mtungi bila kuandika hawezi kupiga mbizi tena katika mradi wake. Kizito akaitikia, "Sawa, mkuu."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mdomo wazi, hakuna kilichotoka. Kipimo alidanganya, ni kweli. Lakini mitungi haikuwa yake. Niliogopa. Niliipenda ile kazi, na siku ile nikagundua kwamba niliipenda kuliko nilivyompenda ndugu yangu Kizito. Hilo lilinishangaza na bado linanishangaza.

Nilimsindikiza hadi kwenye stesheni ya treni. Nikamwuliza kwa nini alisema vile.

"Sijui, dada. Nilikuona umefungua mdomo."

Treni ikaja.

Baada ya hapo Bwana Rolf alibadilisha mpango wote. Kila mtu akabeba gesi ya kumtoa yeye peke yake, tangu chini kabisa, na hesabu ikafanywa kwa pumzi ya mtu anayehema, lita arobaini au zaidi, si kwa pumzi ya kiwanjani. Mtungi wa kutokea ni wa mtu mmoja, kama mswaki. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha ninyi, na endeleeni hivyo. Hiyo ndiyo sehemu ninayoijua.

Nisiyoijua ni hii. Ningesema ukweli, Kizito angebaki juu, Rolf angezama peke yake au na mwingine asiyejua maji yale, mitungi ya plasta isingekuwepo, na tungemzika. Au ningesema ukweli, Rolf angeshtuka, angefuta ubao, angepanga upya, na hakuna ambaye angekaribia kufa wala kufukuzwa. Nimeigeuza huku na huku miaka yote hii. Siku nyingine uongo wangu unamwokoa mtu, siku nyingine unamponza mwingine, na hesabu ni ileile.

Basi wiki iliyopita, kwa kuwa sasa sina ghala la kunizuia, nilipanda basi nikaenda Malinyi. Sikuwa nimemwona tangu stesheni. Anayo mashamba ya mpunga na mitumbwi miwili, amenenepa, goti moja linamsumbua. Mkewe, Mama Getruda, alinipokea kwa furaha.

"Karibu, wifi! Kumbe ndiye wewe Adelina wa mitungi! Mume wangu hana hadithi nyingine."

Tulikula wali na kambale, wajukuu wamejaa mlangoni. Nilikuwa nimelipanga neno langu tangu Ifakara: kaka, niliitundika mimi, nikanyamaza, nisamehe. Nikaweka kijiko chini. Kabla sijaanza, Kizito akawageukia wajukuu.

"Mnabishaga. Leo shahidi amekuja mwenyewe. Asubuhi ile babu yenu aliamka, akaona moyo haujatulia, akachukua mitungi miwili, akaandika plasta kwa mkono wake, akashusha kwenye kamba. Hakuambiwa na mtu. Si ndivyo, dada?"

Akanitazama. Nami nikamtazama, nikatafuta machoni mwake kama amesahau, au amelirudia neno lile miaka mingi mpaka limekuwa lake, au bado ananifunika kama siku ile, mbele ya watu. Sikuona. Nimewahesabia pumzi wagonjwa na wapiga mbizi maisha yangu yote, na uso wa mtu mmoja nilishindwa kuusoma. Watoto wote walikuwa wananisubiri.

"Nilikuwepo," nikasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Mama Getruda akapiga kigelegele, akanipakulia kambale mwingine.

Jioni Kizito alinisindikiza kituoni akichechemea, amenibebea mkoba na gunia dogo la mchele. Basi lilikuwa limeshaanza kunguruma. Akanipandishia mzigo, kisha akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, dada."

"Ya nini, kaka?"

"Panda, utakosa siti," akasema, akageuka, akaondoka.